Muulize Fundi: Trekta inapiga selfu vizuri ila haiwaki

Kila mwaka ikifika mwezi wa pili barua zinakuwa zilezile. Trekta ililima vuli, ikapakiwa pembeni, ikasahauliwa miezi mitatu, afu masika inanukia mtu anaenda na funguo, anapiga selfu, hola. Safari hii nimechagua nne, na ya kwanza nitakaa nayo sana maana ndani yake kuna mtu anakaribia kupoteza hela ya msimu mzima bila sababu.

SWALI: Fundi shikamoo. Mi nalima mihogo na mahindi huku Chanika, nina trekta ndogo ya Kubota silinda tatu, mtumba wa Japani, ya zamani kidogo. Imenifanyia kazi vizuri tu mpaka mwezi wa kumi na moja, tulivomaliza kulima nikaipaki chini ya mwembe, tenki nadhani lilikuwa nusu. Juzi nikaongeza lita tano za dizeli ya kidumu nilonunua barabarani, betri nimeichaji iko fresh, napiga selfu injini inazunguka kwa nguvu kabisa ila haiwaki na wala haitoi moshi hata kidogo. Fundi wa huku kaja kaangalia kama dakika kumi akasema pampu imekufa, aitoe aipeleke Kariakoo ikapimwe na nozo zote tatu zibadilishwe. Hela aliyonitajia inazidi mbegu na mbolea yangu ya msimu mzima. Nisaidie fundi, mvua haisubiri mtu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie huyo fundi aweke spana chini, pampu isiguswe leo.

Barua yako imejaa maneno ila lililonishika mimi ni moja, kwamba haitoi moshi hata kidogo. Hilo ndo limeniambia pa kuanzia. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche kama ya bodaboda, yenyewe inaikandamiza hewa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto mkali, mamia ya nyuzi, afu nozo inapuliza dizeli humo na inashika yenyewe. Kwahiyo inadai vitu vitatu tu: izunguke kwa kasi ya kutosha, ikandamize vizuri, na mafuta yafike. Kuzunguka umesema inazunguka. Sasa kama mafuta yangekuwa yanafika ila hayashiki, ungeona moshi mweupe unatoka kwenye ekzosi wakati unapiga selfu, kwasababu dizeli isiyoungua inatoka kama ukungu. Wewe huna mweupe wala mweusi. Maana yake mafuta hayafiki silinda. Na kati ya tenki na silinda kuna vitu saba nane hivi vya kuangalia, pampu iko karibu na mwisho wa foleni. Sisemi pampu haifi, inakufa, hasa maji yakikaa ndani yake muda mrefu vyuma vinashika kutu vinaganda, ila kuihukumu bila kuangalia vilivyoko mbele yake ni kumpasua mtu tumbo kabla hujamuuliza kala nini.

Anza na kizimio. Trekta za zamani za aina yako nyingi zina kamba ya kuvuta ili injini izime. Ikikaa miezi na vumbi na unyevu ile kamba inaganda hukohuko kwenye kuzima, unasukuma kishikio kinarudi lakini mkono wa kwenye pampu haujarudi, na pampu haitoi hata tone. Nenda uuangalie kwa macho huo mkono unatembea mpaka mwisho au la. Kama yako inazima kwa umeme, washa funguo bila kupiga selfu usikilize, lazima usikie "ta" moja ndogo pale kwenye kizimio. Usiposikia kitu angalia fyuzi na waya wake kabla ya kingine chochote.

Hapo pakiwa sawa nenda kwenye kile kikombe cha filta chenye koki. Maandishi ya Kijapani yasikusumbue kichwa, chomoa paipu inayotoka kwenye filta kwenda mbele, weka chupa chini, fungua koki uone. Dizeli itoke mfululizo, sio matone. Ikitoka vizuri sekunde chache afu ikafifia, fungua mfuniko wa tenki. Ikirudi kutoka kwa nguvu basi tundu la kupumulia kwenye mfuniko limeziba, tenki linavuta hewa halipati. Trekta iliyolala chini ya mwembe hilo usilidharau, nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana vitundu vya namna hiyo, nimezibua matundu ya hivyo kwa waya mara nyingi sana.

Sasa hiyo dizeli uliyokinga kwenye chupa usiimwage. Iwe chupa nyeupe inayoonyesha, iache itulie robo saa. Maji ni mazito kuliko dizeli yanakaa chini, utaona mstari kabisa. Mi nakwambia kabla hujaangalia, maji yatakuwepo. Kwanza tenki nusu kwenye hewa yetu hii ya Pwani, mchana linapumua hewa yenye unyevu, usiku linapoa, matone yanajijenga kwenye kuta za ndani yanateremka chini, siku moja sio kitu ila miezi mitatu yanajikusanya. Pili ni hiyo dizeli ya kidumu. Unajua kwanini EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kutambua mafuta) kwenye mafuta mwaka 2010? Ni kwasababu watu walikuwa wanachanganya dizeli na mafuta ya taa. Na dizeli ndo inayolainisha pampu, pampu yako haina oili nyingine ya kuikinga zaidi ya hayo mafuta yanayopita ndani yake. Ukiipa mchanganyiko wa taa na maji unaisaga. Nunua kituoni, chuja kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, basi.

Ukikuta maji mwaga tenki lote, usibembeleze. Ukikuta na utando mweusi unateleza kama kamasi hao ni wadudu wadogo wanaoota pale maji yanapokutana na dizeli, hapo tenki litolewe lioshwe kwa dizeli safi na filta mpya iwekwe, ukiosha filta ya karatasi na kuirudisha unajidanganya.

Afu sasa hewa. Hapa ndo wengi wanaposhindwa na ndo pampu nyingi nzima zinapotolewa bure. Nozo haifunguki mpaka ipate presha kubwa sana, inazidi bar 100, ukilinganisha tairi ya gari ndogo ina bar 2 na kitu. Dizeli haijibani, pampu ikiisukuma huku inatokea kule. Hewa inajibana. Chukua pampu ya baiskeli ziba mdomo wake kwa kidole usukume, utaona mkono unaenda unarudi na hakuna kinachotoka. Ndicho kinachotokea kwenye mabomba yako, povu kidogo tu la hewa pampu inapiga inapiga hewa inajikunja na kujikunjua, nozo imelala. Na hewa inaingia wapi? Kwenye mpira mwekundu au mweusi wa duara unaokaa kwenye kikombe cha filta ukiwa umebanjuka, kwenye paipu za mpira zilizopasuka kwenye kona, kwenye washa za shaba zilizotumika mara mbili tatu. Dizeli inaweza isivuje nje hata tone ila hewa ikaingia ndani. Kunja kila paipu kwa mkono uone mipasuko.

Kutoa upepo ni hivi. Fungua koki, legeza skrubu ya kutolea hewa pale juu ya filta mpaka yatoke mafuta bila povu, kaza. Nenda kwenye pampu ina skrubu yake nayo, fanya hivohivo. Afu kizimio kikiwa kimerudi na hendeli ya mafuta umeivuta mpaka nusu au zaidi, legeza nati za mabomba ya chuma pale kwenye nozo zote tatu, nusu mzunguko inatosha, mwenzako apige selfu sekunde kumi usizidishe, stata ipumzike dakika nzima ndo apige tena. Itatoka hewa, itatoka povu, itatoka dizeli kwa mapigo tif tif tif. Ikitoka safi kaza moja, kaza ya pili, na mara nyingi kabla hujakaza ya tatu injini inaanza kukohoa yenyewe.

Naomba unisikilize hapa. Usiweke kidole wala kiganja kwenye dizeli inayotoka na presha. Nilipokuwa najifunza kazi mtaa wa Gerezani kijana mwenzangu alishika bomba lililopasuka aone linavuja wapi, akahisi kama kachomwa na sindano tu, hata damu haikutoka, akaendelea na kazi. Jioni kidole kimevimba, kesho yake mkono mzima, alipofika hospitali kidole hakikuokolewa. Dizeli ya presha inatoboa ngozi na kuua nyama kwa ndani. Kama unatafuta panapovuja pitisha kipande cha boksi na uvae miwani. Na ikitokea imekuingia nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama hauumwi, waambie wazi kwamba ni dizeli imeingia kwa presha wasije wakakupa dawa ya maumivu wakakurudisha nyumbani.

La mwisho kwako, kupasha moto. Kwenye Kubota nyingi za zamani unazungusha funguo kushoto, unashikilia kama sekunde kumi na tano mpaka ile koili kwenye dashibodi iwe nyekundu, ndo unapiga selfu kulia. Watu wa Dar wananiambia fundi huku joto ya nini kupasha, joto la nje halisaidii sana, injini ya namna hiyo inachomea mafuta kwenye kichumba kidogo pembeni na kuta zake za chuma zinanyonya moto wote, inataka hita hata mwezi wa kwanza.

Baada ya siku nne akaniandikia tena, nanukuu: "Fundi kikombe kilikuwa nusu maji, mpira wake umebanjuka kama chapati, na mkono wa kizimio ulikuwa hauendi mpaka mwisho nikaupaka grisi. Nimeweka filta na mpira mpya, nimetoa upepo, nati ya pili tu ikaanza kupiga moshi mweupe afu ikashika. Pampu ipo palepale." Nimefurahi mwanangu, kweli nimefurahi. Ila badilisha hiyo filta tena baada ya wiki mbili tatu za kulima, takataka zilizobaki pembeni mwa tenki zitaendelea kushuka. Na ukimaliza msimu jaza tenki mpaka juu kabla ya kuipaki, likijaa halina pa kuwekea unyevu.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mama mfugaji wa Kigamboni, tuna katrekta ka kukatia na kubebea majani. Ukipiga selfu kanasema ta-ta-ta-ta-ta haraka haraka na taa za dashibodi zinafifia. Kijana wangu anasema stata imekufa ninunue nyingine. Nikubali?

JIBU: Nzuri mama yangu, usikubali bado. Hiyo ta-ta-ta ya haraka na taa kufifia ni njaa ya umeme. Solenoidi, ile swichi ya umeme ya stata, inavuta, umeme unaanguka, inaachia, inavuta tena. Stata mbovu kwa kawaida inapiga "ta" moja tu nzito inanyamaza, na ukimya kabisa bila hata mlio tunatazama fyuzi na swichi za usalama, maana trekta nyingi ndogo zinakataa kupiga selfu mpaka ukanyage klachi na gia ya kuendeshea mashine ya nyuma iwe imetolewa.

Kigamboni upepo wa bahari una chumvi, angalia vichwa vya betri utakuta unga wa kijani au mweupe. Toa waya wa hasi kwanza ndo utoe wa chanya, wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho, ukifanya kinyume spana ikigusa bodi italipuka cheche. Mwagia maji ya vuguvugu yenye magadi, yasiingie kwenye vitundu vya betri, sugua kwa msasa mpaka ing'ae, kaza, paka grisi juu. Afu fuata ule waya mnene wa ethi mpaka unapofungwa kwenye chasisi, fungua, sugua na hapo, huko ndiko hakuna anayekwenda na kutu ya chini ya boliti haionekani.

Ukimaliza apime kwa mita. Betri nzima iliyojaa, trekta imezimwa, inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Apime tena wakati unapiga selfu, ikidondoka chini ya 9.6 betri imechoka au haijachajiwa. Kama inabaki juu ya 10 na stata bado haizungushi, hapo sasa kijana wako ana haki, fungueni stata. Hata hivyo stata kwanza inafunguliwa inabadilishwa kaboni na bushi, hainunuliwi mpya kwa kuanzia.

SWALI: Mambo fundi, niko Mkuranga. Trekta yetu asubuhi inatoa moshi mweupe mwingi haiwaki mpaka tupulize ile dawa ya kopo ya kuwashia kwenye filta ya hewa, ukipuliza inashika na mlio mkubwa. Sasaivi bila dawa haiwaki kabisa. Je ina madhara?

JIBU: Poa mdogo wangu. Ina madhara makubwa na naomba muache kuanzia leo. Ile dawa ni etha, inashika moto kwenye joto dogo kuliko dizeli, kwahiyo hailipuki pale pistoni inapokuwa juu kama inavyotakiwa, inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda. Huo mlio mkubwa ndo pistoni inapigwa nyundo ya kichwa ikiwa njiani. Ringi zinavunjika, pistoni inapasuka ukingo. Na kama hita plagi, zile za kupasha moto injini, zimewaka wakati mnapuliza, inaweza kulipukia kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa) na kumrudia aliyeshika kopo usoni. Kila mkipuliza ringi zinalegea, kompresheni, yaani ule mkandamizo wa hewa, inashuka, kesho mnahitaji dawa zaidi, ndo maana mmefika kwenye kutowaka kabisa bila hiyo.

Nyie ni kinyume cha yule wa Chanika, moshi mweupe unasema mafuta yanafika, kinachokosekana ni moto. Anzeni na hita plagi. Chomoeni waya au bati linaloziunganisha, chukua balbu ya 12V yenye waya mbili, upande mmoja chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka hiyo plagi ni nzima, isipowaka imekatika. Zote zikiwa nzima rudishieni bati, mtu ashikilie funguo kwenye kupasha, pima kama umeme unafika hapo, mara nyingi relei (swichi ya umeme inayozipelekea moto) ndo imekufa plagi hazina kosa. Angalieni na filta ya hewa isiwe imejaa vumbi la mihogo.

Hayo yote yakiwa mazuri na bado mweupe, pimeni kompresheni kwa geji ya dizeli, msikubali ile ya petroli, injini hizi zikiwa nzima zinapita bar 25 na geji ya petroli haikutengenezwa kwa hilo. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake ni valvu, gasketi au ringi, na hapo ndo mtafute fundi wa injini wa kufungua hedi.

SWALI: Fundi, pawatila (trekta ya mkono) ya silinda moja ya kuzungusha kwa hendeli, tuko Bunju. Tunazungusha watu wawili haiwaki, juzi hendeli imerudi nyuma ikampiga kijana mkono. Tunakosea wapi?

JIBU: Poleni, mkono upigwe picha kama bado unauma, hendeli inavunja mfupa. Pale juu ya hedi kuna kijiti kidogo, kinashikilia valvu iwe wazi ili injini izunguke bila kubana. Mtu mmoja anakishika kwa mkono wa kushoto huku anazungusha kwa kulia, anaongeza kasi mpaka gurudumu zito linakwenda lenyewe na anasikia nozo inalia "kri, kri" kila mzunguko, hapo anakiachia kijiti na kuendelea kuvuta. Msikiachie mapema gurudumu likiwa halijapata kasi, ndo hapo pistoni inashindwa kupita juu na kurudisha hendeli. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke hendeli, ikirudi mkono uteleze utoke. Na hendeli ashike mtu mmoja tu, wawili hawaachii pamoja.

Usiposikia ile "kri" kwenye nozo, rudini juu kwa yule wa Chanika, muanze na koki na hewa.